Menyu ya Msiba

Asubuhi hiyo nilitoka Jericho bila kujua naelekea wapi. Nilikuwa na disketi mbili katika mfuko wa shati na begi la nguo begani, na nilijua jambo moja tu: mahali fulani Eastlands palikuwa na mwanamume anayetembea na karatasi ya mazishi ya kaka yake, na karatasi hiyo, kwa sababu ya kitu nilichokitengeneza mimi, ingemtaja mke mdogo kabla ya mke mkubwa. Basi la msiba lingeondoka jioni kwenda magharibi. Nisipompata kabla ya hapo, mjane mmoja angefika kwa wakwe zake na kufungiwa mlango.

Begi nililibeba kwa mazoea. Tangu nilipoacha shule kidato cha pili sijawahi kuacha nguo zangu mahali nikiwa na hakika ya kuzikuta. Nilikuwa nimelala Makongeni, Mbotela, Kaloleni, kwingine mwezi mzima, kwingine hadi mwenyeji aanze kunisalimia kwa mkato. Nilibeba mizigo sokoni, nikafungua redio za watu, nyingine nikashindwa kuzifunga. Kilichonihamisha hapa na pale ni kutaka kujua ndani ya vitu mna nini.

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, na kitu nilichokuwa nikikichungulia wakati huo kilikuwa kompyuta ya mama mmoja wa kupiga chapa karibu na soko la Jericho. Alikuwa na chumba kimoja chenye kompyuta, printa ya utepe na taipureta ya zamani aliyokataa kuiuza. Aliniruhusu kulala humo kwa sababu wezi waliogopa chumba chenye mtu, nami niliruhusiwa kugusa mashine wateja wakiisha. Kitabu changu kilikuwa kinene, hakina jalada, nimekinunua kwa muuzaji wa vitabu anayevitandaza chini barabarani. Humo ndimo nilimojua kwamba programu ile ya kuandikia barua inaweza kutazama unavyofanya kazi, ikakariri, kisha ikairudia peke yake. Nilipofungua nione imekariri nini, nikakuta maneno. Na maneno yale ungeweza kuyafuta ukaandika yako. Kuanzia siku hiyo nikawa naota maneno hayo.

Ukiyaandika vizuri unapata nyongeza, yaani programu ndogo inayokaa ndani ya ile kubwa na kuifanya ijue kazi ambayo walioiunda hawakuifikiria. Na kazi kubwa ya mama wa chapa ilikuwa misiba. Watu wetu wengi walitoka magharibi, na mtu akifa Nairobi hazikwi Nairobi. Kamati hukaa, mchango huitishwa, karatasi za mazishi hupigwa chapa huku mjini na kupelekwa nyumbani ndani ya basi pamoja na jeneza. Karatasi hizo zina majina mengi. Mwana wa fulani, ndugu wa fulani, mume wa fulani, baba wa fulani, shemeji wa fulani aliye benki. Nikamtengenezea menyu. Juu ya skrini, kando ya maneno mengine, likatokea neno Msiba. Ukilibonyeza unaona visanduku vya kujaza: wazazi, wake, watoto, ndugu, kamati. Ukimaliza unabonyeza Panga, na karatasi nzima inajipanga yenyewe, msalaba juu na majina chini.

Majina ndiyo yaliyoleta maneno. Kila siku mtu alirudi akilalamika kwamba jina lake limewekwa chini ya mtu aliyechanga kidogo kuliko yeye. Mama wa chapa alichoka. Akaniambia niipe mashine mpango ambao hakuna mtu atakayebishana nao, yaani A hadi Z.

"Alfabeti haina ukoo," alisema. "Na haiwezi kununuliwa chai."

Nikafanya hivyo. Malalamiko yakaisha, naye akaanza kunikaribisha chakula. Jambo ambalo sisi wawili hatukulifikiria ni kwamba niliipa mashine amri ile kwa visanduku vyote, hata kile cha wake. Mimi nilikuwa nimelelewa na mama peke yake katika nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la jiji. Yeye alizijua mila, lakini aliandika wake jinsi alivyotajiwa, akabonyeza kitufe, na macho yake yakaenda kwenye kamati, kwa kuwa huko ndiko vita vilikokuwa.

Jambo la pili lilitokana na umeme, stima kama tunavyoiita. Jericho stima ilipotea ilipotaka, na mteja mwenye maiti ndani ya mochari hawezi kuingoja. Alichukua disketi yake akaenda penye stima: Burma, Bahati, mjini, popote. Kwa hiyo nikaiandika nyongeza isafiri ndani ya faili. Ukilifungua kwenye kompyuta nyingine, menyu inajinakili humo, na kazi inaendelea pale ilipoachwa. Nilijivunia hilo kuliko yote. Sikujiuliza ikishajinakili huko itakaa hadi lini.

Asubuhi ile, kabla hatujafagia, alikuja mzee mmoja wa makamo, koti limekunjwa mkononi, kiatu bado kina udongo wa safari. Tulimkumbuka, wiki iliyopita tulikuwa tumepiga chapa karatasi za kumzika ndugu yake. Hakupaza sauti. Aliketi kwenye benchi la wateja, akaomba maji, akanywa yote. Kisha akaeleza, akimtazama mama wa chapa peke yake, kwamba walifika nyumbani na karatasi zikagawiwa. Mke mkubwa akapewa yake, akasoma, akaikunja vizuri akairudisha kwenye beseni la karatasi. Akaingia ndani akafunga.

"Na unajua, mama, maiti hulala kwa nani," alisema mzee.

Mama wa chapa alijua. Hulala nyumba ya mke mkubwa, na kaburi huchimbwa upande wake. Jeneza lilikaa nje juani huku wazee wakiongea na mlango. Mke mdogo alikaa chini ya ukuta na watoto wake, hakuna aliyemletea hata kiti, kwa sababu ilidhaniwa yeye ndiye aliyekuwa Nairobi na yeye ndiye aliyeandikisha.

"Nimekuja kuuliza tu," mzee alisema. "Ni nani aliwaambia hivyo? Nitajieni huyo mtu."

Mama wa chapa alinitazama, kisha akatazama kompyuta iliyokuwa imezimika kwa kukosa stima tangu jana, na nikaona uso wake ukibadilika. Alikuwa amekumbuka jambo lile lile nililolikumbuka mimi. Jana, stima ilipopotea, tulikuwa katikati ya kazi ya kijana mmoja aliyefiwa na kaka. Marehemu alikuwa na wake wawili, mmoja nyumbani na mmoja hapa. Jina la mke mkubwa lilianza na R. La mdogo lilianza na A. Tulimpa disketi yake tukamwambia aende popote penye stima, afungue, abonyeze Panga, achapishe.

Mama alinivuta hadi mlangoni. Aliniambia kwa sauti ndogo nimtafute, na kwamba leo nisirudi, maana ndugu wengine wa mzee walikuwa njiani na hakutaka wanikute. Yeye angekaa na mzee. Nilitaka kumwuliza nianzie wapi. Alikuwa tayari amerudi kwenye benchi, ameshika mikono ya mzee kwa mikono yake miwili.

Nikaenda Burma kwa sababu ndiko ambako mimi ningekwenda.

Kwenye soko la Burma palikuwa na mtu mwenye kompyuta ghorofani, juu ya buchari. Moshi wa nyama ulipanda hadi kwake, kwa hiyo skrini yake ilifunikwa kwa kitambaa cha jikoni na funguo za kibodi zilishika vidole. Nilipanda ngazi mbili mbili. Alikuwa ameketi akiwa ameivua mashine kifuniko, bisibisi mdomoni.

"Niaje," nikasema.

"Poa. Leo hakuna kazi. Mashini ni mgonjwa."

Nikamwuliza inaumwa nini. Akaondoa kitambaa. Pale juu, kando ya maneno mengine, paliandikwa Msiba.

Sijui kama nimewahi kuogopa neno nililoliandika mwenyewe kama nilivyoogopa lile. Alinieleza, akiwa na hasira ya mtu aliyekosa usingizi, kwamba jana jioni alikuja kijana na disketi, akaifungua, na tangu hapo kila barua anayoifungua ina Msiba juu. Alikuwa amesikia habari za virusi vinavyoingia kwa disketi na kula kazi za watu, na mteja mmoja mwenye kadi za harusi alipoona neno lile alichukua karatasi zake akashuka.

"Harusi, buda. Mtu anaandika harusi, anaona msiba. Wewe ungekaa?"

Nilimwambia si virusi. Akauliza najuaje. Nikamwambia najua kwa sababu ni yangu. Ilikuwa kosa kusema hivyo kabla ya kuuliza kijana alienda wapi, kwa sababu alisimama akafunga mlango na kukaa mbele yake.

"Basi tibu," alisema. "Halafu tutaongea kama unatoka."

Nikaketi. Ilikuwa kazi fupi kwa mtu mwenye mikono iliyotulia. Mimi nilibonyeza mahali pasipo pake mara kadhaa, na kila mara niliona jua limesogea kwenye sakafu. Chini mtu alikuwa akikata mbavu kwa shoka, na kila pigo lilitikisa meza. Hatimaye menyu ikapotea. Nilifunga, nikafungua tena, haikurudi. Yule bwana aliinama akatazama kwa karibu kama mtu anayekagua kidonda.

"Na hii kitu umeenda ukiweka wapi kwingine?"

Nilianza kuhesabu kichwani misiba tuliyopiga chapa stima ikiwa haipo, nikaacha. Nikamwomba tu aniambie yule kijana alienda wapi. Akanijibu kwamba utepe wa printa yake ulikuwa umefifia, hivyo alimwelekeza arudi kwao, Mukuru kwa Reuben, kwa mzee mmoja wa duka la jumla mwenye kompyuta na mashine ya fotokopi. Alinifungulia mlango, na nilipokuwa nashuka akanitania kutoka juu kwamba nikitengeneza ya harusi nimletee kwanza.

Nilitembea. Nilishuka hadi Jogoo Road, nikakata kuelekea Lusaka Road na kuingia Industrial Area kukiwa na joto la saa ya chakula, wafanyakazi wamekaa kando ya ukuta wa viwanda na sahani zao. Nilikuwa nikijisemea nitakachosema na kila mara kilisikika kibaya zaidi. Nilipopita watu wawili wakiwa wamesimama pamoja nilidhani wanasoma karatasi. Walikuwa wakitazama tu gazeti la mtu mwingine.

Mukuru niliijua kwa pembeni, sikuwa nimewahi kuingia ndani. Nikauliza duka la jumla lenye jenereta, nikaambiwa nifuate sauti. Mwenye duka alikuwa mzee Mwislamu mwenye ndevu nyeupe, ameketi kati ya magunia ya unga. Nilimsalimia kwa salamu yake, akaitikia vizuri, kisha nilipotaja karatasi za mazishi uso wake ukakunjamana.

"Kijana wa msiba alikuja, nikamsaidia kwa ajili ya Mungu, kwa kuwa marehemu alikuwa jirani na alinunua kwangu," alisema. "Sasa angalia. Nafungua niandike bei ya unga, juu naandikiwa msiba. Mtu gani atanunua unga wenye msiba?"

Nilimwambia nimekuja kuuondoa. Akasema alhamdulillahi, na akaniuliza kama nitakula kwanza. Nilimwuliza karatasi ziko wapi. Zilikuwa zimekwisha kuchapishwa, kunakiliwa, na kuchukuliwa. Alinyoosha mkono kuonyesha uchochoro wa mabati, nyumba ya tatu baada ya bomba, wanawake wamekaa nje.

Niliwakuta wakikunja. Karatasi zilikuwa kwenye beseni, wanawake wa kanisa wamepiga magoti kulizunguka, wanaimba chini chini, na kila aliyekunja alipitisha ukucha kwenye mkunjo ukae. Mjane alikuwa katikati yao. Nilimjua kwa sababu ndiye pekee asiyeimba. Alikuwa amevaa kanga kichwani na koti la kiwandani la mumewe, la buluu, mikono imekunjwa kwa kuwa mirefu. Shemeji yake, yule kijana wa jana, alisimama kando akifunga maboksi kwa kamba.

Nilimwita shemeji kando nikamweleza. Nilijaribu kueleza polepole. Nikasema majina ya wake yamegeuka, kwamba ni mashine, kwamba wiki iliyopita mahali pengine mlango ulifungwa na jeneza likakaa nje. Aliendelea kufunga kamba.

"Niliona," alisema. "Lakini kompyuta ndiyo imepanga. Mimi ni nani nibishane na kompyuta?"

Mjane alikuwa amesikia. Aliweka chini karatasi aliyokuwa nayo.

"Nilimwambia," alisema, kwa sauti isiyokuwa ya ugomvi. "Tangu asubuhi namwambia jina langu halikai hapo. Ananiambia waliosoma wameamua. Wewe ndiye umesoma?"

"Hapana, mama. Niliacha shule."

"Basi nani ameamua?"

Nilimwambia ni mimi, bila kujua. Wanawake waliacha kuimba. Nilingoja anitukane. Nikaona kwamba hofu niliyotembea nayo tangu asubuhi alikuwa nayo yeye pia, na yake ilikuwa kubwa zaidi, na alikuwa amekaa nayo akikunja karatasi moja baada ya nyingine kwa mikono yake mwenyewe.

"Unajua watasema nini nikishuka na hii?" aliniuliza. "Watasema nilikaa Nairobi na pesa ya marehemu, nikanunua ukubwa. Yule mama alinipokea vizuri siku nilipoletwa. Alinipa kuku. Nitamtazama vipi? Na watoto wangu watalala kwa nani?"

Nikasema inaweza kubadilishwa. Majina yalikuwa kwenye ukurasa mmoja tu wa ndani. Tungeichapisha upya karatasi hiyo moja, tuinakili, tubadilishe. Shemeji akasema basi linakuja, kina mama wamekwisha kukunja, karatasi za mzee wa duka ni za biashara. Mjane alisimama akaanza kukunjua.

"Shemeji," alimwambia, "kama hutaki kwenda dukani, kaa ukunjue. Mimi nitaenda."

Tukaenda sote watatu. Mzee wa duka aliwasha jenereta tena bila kuulizwa. Nilijua namna ya kufungua faili bila kuiamsha menyu: unashika kitufe fulani cha kibodi linapofunguka. Nikafanya hivyo, nikampandisha mke mkubwa, nikamshusha mdogo, nikahifadhi, nikachapisha. Karatasi ikatoka. Mjane aliipokea, akaitazama, akanirudishia. A ilikuwa juu.

Sikuelewa. Nikabadilisha tena, nikahifadhi tena, nikachapisha. A juu. Nje honi ya basi ililia mara ya kwanza, ikiwa bado mbali, huko barabara kubwa. Shemeji alisema si alituambia, kompyuta haibishiwi. Mzee wa duka aliuliza kwa upole kama ni jini.

Nikalazimika kuketi na kuondoa mikono kwenye kibodi, kwa sababu mikono yangu ilikuwa ikifanya jambo lile lile kwa haraka zaidi. Nilijiuliza mimi niliiambia nini. Na nikakumbuka kwamba ili mama wa chapa asisahau kubonyeza Panga, nilikuwa nimeiamuru ipange yenyewe kila faili linapohifadhiwa. Faili nililifungua kwa uangalifu, lakini nyongeza ilikuwa imekwisha kuhamia kwenye mashine ya mzee tangu jana. Ilikuwa ikinisubiri kwenye kuhifadhi. Nilichojisifia kwa watu ndicho kilichokuwa kikinirudisha nyuma, na kilifanya kazi vizuri kabisa.

Hapakuwa na muda wa kurekebisha. Ilibidi kuifuta yote. Nilifungua mahali maneno yangu yalipokaa, sehemu baada ya sehemu, kazi ya miezi, na mashine ikaniuliza kama nina hakika. Nakala nyingine zilikuwa Jericho, nisikojua kama ningeruhusiwa tena kugusa mashine, na kwenye disketi mfukoni, lakini disketi za wakati huo zilikufa bila kuaga. Nikakubali. Neno Msiba likatoka juu ya skrini, na mzee wa duka akashusha pumzi kana kwamba mtu ametoa mzigo mlangoni pake.

Nikayaandika majina mawili mwenyewe, herufi kwa herufi, mjane akiwa nyuma yangu akisoma. Nikahifadhi. Yakakaa. Printa ilikwaruza mstari kwa mstari hadi ukurasa ukatoka wote. Aliusoma kwa kidole. Akafika kwenye jina la mkubwa, akapita, akafika kwenye lake, akasimama hapo.

"Hapo," alisema. "Hapo ndipo ninapokaa."

Mashine ya fotokopi ilikuwa ya kunakili vitambulisho, ndogo na ya polepole, na ilipata moto. Mzee aliipepea kwa kipande cha boksi. Shemeji alikimbia na kila fungu lililotoka, na wanawake walitoa karatasi ya zamani na kutia mpya. Basi lilipofika bombani, kitambaa chekundu cha msiba kwenye kioo, walikuwa bado wanakunja, na nyingine zilipanda basi bila kukunjwa. Karatasi zilizoondolewa mjane hakutaka zitupwe ovyo mtu akaziokota. Alizitia jikoni mwa jirani, kwenye jiko la makaa, akasimama hadi zikawa majivu.

Ndipo aliponiuliza nalala wapi. Nilimwambia leo sijui. Hakushangaa, begi langu lilikuwa begani tangu nilipofika. Walianza kuzungumza na shemeji yake kwa lugha yao, na shemeji alitikisa kichwa, na yeye akaendelea. Kisha akanieleza. Angekaa nyumbani hadi desturi zote ziishe, na chumba cha Mukuru kikifungwa muda mrefu mwenye ploti ya vyumba humpangishia mtu mwingine, vyombo vinatolewa nje. Shemeji yake alikuwa akisafiri pia. Palihitajika mtu wa kuonekana akiingia na kutoka.

"Humjui huyu," shemeji alisema kwa Kiswahili, ili nisikie.

"Namjua. Ameharibu, akaja kwa miguu." Akanigeukia. "Kitanda usikiguse, ni cha marehemu. Mkeka uko nyuma ya mlango. Na ukiniuzia sufuria, nitatafuta kompyuta ikupange wa mwisho hadi ufe."

Wanawake wawili walicheka, wakajizuia, kisha yeye mwenyewe akacheka kidogo ndani ya kola ya lile koti. Akanipa ufunguo. Nilitaka kumwomba anitumie habari kama mlango ulifunguliwa, lakini alikuwa akiinuliwa kupanda basi, na si jambo la kumwomba mtu anayekwenda kuzika.

Basi lilipoondoka mzee wa duka alinipa mkate na chai ya rangi, akaniuliza kama ningeweza kumtengenezea kitu cha bei za unga, kisichohama. Nilimwambia nitafikiri. Nilikuwa nikifikiria mashine nyingine: Bahati, mjini, popote palipowahi kuwa na stima wakati Jericho haina. Sikujua zilikuwa ngapi, wala nani alikuwa akizifungua jioni ile na kuambiwa abonyeze.

Chumba kilikuwa cha mabati, kisafi, kuta zimebandikwa kurasa za magazeti ya zamani. Kitanda kilitandikwa vizuri. Nilitandika mkeka upande wa pili nikaweka begi chini, na mlango ukagongwa. Alikuwa mama wa chumba cha jirani, mtoto mgongoni, amekuja kuona ni nani. Nilimwambia natunza nyumba. Alichungulia juu ya bega langu, akatazama kitanda, akatazama mkeka.

"Usilale hapo," alisema. "Mvua ikija, hapo panavuja. Sogea kwa mlango."

Nikasogea.